Swali Moja Mezani: Namna ya Kuandika Kazi ya Utafiti Inayosomeka

Kila muhula wa mwisho unapokaribia kufungwa, vibanda vya kuchapisha vilivyo karibu na malango ya vyuo, kuanzia Maseno hadi Njoro, hujaa wanafunzi wenye flashi mkononi na wasiwasi usoni. Huomba wapangiwe kurasa, wawekewe yaliyomo, wanyooshewe majedwali. Nimekaa na wengi wao hapa Kisumu nikisoma rasimu zao kabla hazijafika kwa msimamizi, na nimeona kwamba mara nyingi kinachoitwa tatizo la umbo huwa ni tatizo la swali. Mwandishi hajaamua anauliza nini, kwa hiyo hajui kipi kitangulie, kipi kifuate na kipi kiachwe kabisa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na swali, na pambizo na fonti zitakuja baadaye.

Kutoka kwenye mada hadi kwenye swali

Mwanafunzi akiulizwa anatafiti nini, hujibu kwa kutaja mada: magugumaji, mafuriko ya Nyando, lugha ya makanga wa matatu. Mada ni pana mno kuandikiwa kazi moja. Chukua "Athari za magugumaji katika uchumi wa Ziwa Viktoria". Ziwa hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, linamilikiwa na nchi tatu, na sehemu ya Kenya ni takriban asilimia 6 tu. Hakuna mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mwenye miezi mitatu na nauli ya kuhesabu, atakayeweza kusema neno la kuaminika kuhusu uchumi wa ziwa zima.

Sasa punguza. Mahali: ufuo wa Dunga, hapa Kisumu. Watu: wachuuzi wanaonunua samaki kwa wavuvi na kuwauza mjini. Jambo: siku ambazo magugumaji yalizuia mashua kufika ufuoni. Swali linakuwa: "Je, wachuuzi wa samaki wa ufuo wa Dunga walifanya nini ili kupata riziki katika siku ambazo magugumaji yalifunga ufuo?" Swali hili lina mwisho. Unaweza kumtazama mtu machoni ukamuuliza, na ukirudi nyumbani jioni utajua kama umejibiwa.

Liandike swali hilo kwenye karatasi moja na uliweke mezani mahali utakapoliona kila siku. Halafu, kila unapomaliza aya, tazama karatasi hiyo na ujiulize aya imesaidia vipi kujibu swali. Nasema haya kwa uchungu. Rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu ilirudishwa kwa sababu sura ya kwanza iliuliza jinsi walimu wanavyotumia vitabu vya ziada, ilhali hitimisho lilizungumzia wazazi kutovinunua. Kila sura ilisomeka vizuri peke yake, na mimi sikuwa nimeona kasoro yoyote kwa miezi mingi, kwa kuwa sikuwahi kuziweka sura hizo mbili sambamba na kuzisoma kwa wakati mmoja.

Malengo nayo yazaliwe na swali hilo hilo. Matatu yanatosha kwa kazi nyingi za shahada ya kwanza, na kila lengo lianze na kitenzi kinachopimika: kubainisha, kulinganisha, kueleza, kutathmini. Vitenzi kama "kuelewa" na "kujua" havifai, kwa kuwa msomaji hana njia ya kuhakikisha kwamba umeelewa.

Mapitio ya maandishi

Hapa ndipo kazi nyingi huchosha. Mwanafunzi huandika aya moja kwa kila mwandishi aliyemsoma: fulani alisema hivi, fulani mwingine akasema vile, wa tatu naye akaongeza. Inakuwa orodha ya mahudhurio. Panga mapitio kwa hoja, si kwa majina. Aya ya kwanza ieleze yale ambayo watafiti wanakubaliana kuhusu jambo lako. Ya pili ieleze wanapotofautiana na sababu ya kutofautiana. Ya tatu ionyeshe pengo ambalo swali lako linaliziba. Waandishi wawili au watatu wanaweza kukutana katika sentensi moja, na mwandishi mmoja anaweza kurudi katika aya tatu tofauti ikiwa ana mengi ya kusema.

Unaposoma, andika maelezo kwa maneno yako mwenyewe ukiwa umefunga kitabu au umeondoa ukurasa kwenye skrini. Ukiandika huku maandishi ya mwenzako yako mbele yako, utayanakili hata bila kukusudia, na huo ni wizi wa kitaaluma hata kama umebadilisha neno moja hapa na jingine pale. Programu za kukagua ulinganifu, kama Turnitin, huonyesha tu mahali maneno yanapofanana na maandishi mengine. Asilimia ndogo haimaanishi kwamba kazi ni safi, wala asilimia kubwa haimaanishi kwamba umeiba, maana nukuu na marejeleo nayo huhesabiwa yasipoondolewa kwenye ukaguzi.

Mbinu: eleza ulichofanya, si kilichoandikwa vitabuni

Sura ya mbinu ina kazi moja, nayo ni kumwezesha mtu mwingine aende Dunga afanye ulivyofanya. Kurasa mbili za kufafanua maana ya "usampulishaji", yaani kuchagua wachache wa kuwakilisha wote, kwa kunukuu vitabu hazimsaidii. Mwambie orodha ya wachuuzi uliipata kwa nani, ulikwenda saa ngapi, ulizungumza nao kwa lugha gani, na ni wangapi waliokataa.

Fomula ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu utakaowahoji, ambayo wanafunzi wetu huipenda kuliko zote ni ile ya mtaalamu wa takwimu Taro Yamane ya mwaka 1967, ambapo sampuli ni idadi ya walengwa wote ikigawanywa kwa moja kuongeza zao la idadi hiyo na mraba wa kiwango cha makosa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kamati ya usimamizi wa ufuo ina orodha ya wachuuzi 600, nawe umekubali kiwango cha makosa cha 0.05. Mraba wa 0.05 ni 0.0025, ukizidisha kwa 600 unapata 1.5, ukiongeza 1 unapata 2.5, na 600 ukigawanya kwa 2.5 unapata 240. Onyesha hesabu hiyo yote kwenye kazi yako, mstari kwa mstari. Lakini fahamu mpaka wake. Fomula hiyo inadhani kwamba wale 240 wamechaguliwa kinasibu, yaani kwa bahati nasibu, kutoka kwenye orodha kamili. Ukiwahoji kina mama uliowakuta tu ufuoni asubuhi ile, fomula haikusaidii chochote, na ni heri useme wazi kwamba uliwachagua kwa kuwa walipatikana. Na ikiwa utafiti wako ni wa mahojiano ya kina na watu 15, usiitaje kabisa.

Katika eneo letu kuna jambo ambalo miongozo mingi hailigusi. Hojaji huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, lakini majibu hutolewa kwa Dholuo, kwa Ekegusii au kwa mojawapo ya lahaja za Luluhya. Eleza ni nani aliyetafsiri, na kama tafsiri ilikaguliwa na mtu mwingine. Nukuu muhimu ziweke katika lugha ya asili kwenye kiambatisho, ili msomaji anayeijua lugha hiyo aweze kukupima. Mchuuzi aliyesema jambo zito kwa lugha yake anastahili maneno yake yahifadhiwe.

Vibali navyo vitajwe hapa. Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, inayojulikana kwa kifupisho chake NACOSTI, ndiyo inayotoa leseni za utafiti nchini kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013, nayo kamati ya maadili ya utafiti hupitia pendekezo lako kabla hujaanza kuwahoji watu. Muulize msimamizi mapema ni vibali vipi vinavyohitajika katika ngazi yako ya masomo, kwa sababu vinaweza kuchukua wiki kadhaa. Usiandike majina wala nambari za simu za uliowahoji. Tumia alama kama M1, M2 na M3. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipitishwe, kulinda taarifa za watu ni wajibu wa kisheria, mbali na kuwa adabu.

Pendekezo la utafiti huandikwa kwa wakati ujao: "mtafiti atatumia hojaji". Kazi iliyokamilika huandikwa kwa wakati uliopita: "mtafiti alitumia hojaji". Wengi husahau kubadilisha, na msomaji anabaki akijiuliza kama utafiti ulifanyika au bado. Fungua sehemu ya kutafutia maneno kwenye kompyuta, tafuta "ata", "wata", "uta" na "zita", kisha urekebishe moja baada ya nyingine kwa mkono. Usiiamuru kompyuta ibadilishe zote kwa pamoja, maana neno "matatu" litaharibika.

Matokeo na mjadala

Matokeo husema ulichokiona. Mjadala husema kina maana gani. Ukivichanganya, msomaji hawezi kutenga ushahidi na maoni yako. Vyuo vingine huruhusu sehemu hizi mbili ziandikwe katika sura moja, lakini hata hapo ni vizuri kila aya ianze na ushahidi, ndipo maelezo yafuate.

Tarakimu ziseme jambo. Mwanafunzi mmoja aliniletea sentensi hii: "Idadi ya watu wa Kisumu imeongezeka sana." Nilimwomba afungue matokeo ya sensa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 968,909 katika Kaunti ya Kisumu, na ile ya 2019 ikahesabu 1,155,574. Tofauti ni watu 186,665, yaani ongezeko la asilimia 19.3 katika miaka kumi. Sentensi yake mpya ilisema: "Kati ya 2009 na 2019, idadi ya watu katika Kaunti ya Kisumu iliongezeka kwa asilimia 19.3, kutoka 968,909 hadi 1,155,574." Neno "sana" lilikwisha kazi. Msomaji sasa anaweza kuamua mwenyewe kama ongezeko hilo ni kubwa au dogo.

Asilimia, hata hivyo, zina mahali pake. Ikiwa watu 3 kati ya 8 walikubali, andika hivyo hivyo. Ukiandika asilimia 37.5 unalipatia kundi dogo sura ya kundi kubwa.

Jedwali liwe na sababu ya kuwepo. Jedwali lenye safu mbili, wanaume na wanawake, linaweza kuwa sentensi moja. Ukilitumia, lipe nambari na kichwa juu yake, litaje ndani ya aya kabla halijatokea, na kisha usirudie kila tarakimu yake kwa maneno. Mwonyeshe msomaji mahali pa kutazama. Kazi nyingi huandikwa kama kwamba msomaji hawezi kusoma jedwali, na kurasa kumi zinajaa bila kuongeza chochote.

Sentensi

Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Utafiti huu ulilenga kuangazia na kuchunguza kwa kina masuala mbalimbali yanayohusiana na changamoto ambazo huwakumba wachuuzi wa samaki katika shughuli zao za kila siku." Ya pili: "Utafiti huu ulichunguza jinsi wachuuzi wa samaki wa Dunga walivyotafuta riziki katika siku ambazo magugumaji yalizuia mashua kufika ufuoni." Urefu unakaribiana, lakini ya kwanza ingeweza kuwekwa kwenye utafiti wowote wa ufuo wowote. Maneno "mbalimbali", "masuala", "changamoto" na "kwa kina" ndiyo ninayoyafuta mara nyingi zaidi katika rasimu za wanafunzi, na sijawahi kuona maana ikipotea.

Kiswahili kina mtego wake katika upatanisho. "Wavuvi waliwauzia wachuuzi samaki kwa bei ya chini kwa sababu walikuwa na haraka." Ni nani aliyekuwa na haraka? Ngeli ni moja, kiambishi ni kimoja, na msomaji hana msaada. Andika: "Kwa kuwa wavuvi walikuwa na haraka, waliwauzia wachuuzi samaki kwa bei ya chini." Vilevile neno "data": wapo wanaoandika "data hii" na wapo wanaoandika "data hizi". Chagua njia moja uifuate hadi ukurasa wa mwisho.

Majina ya kisayansi ya viumbe huandikwa kwa herufi za mlazo, neno la kwanza likianza kwa herufi kubwa na la pili kwa herufi ndogo. Omena ni *Rastrineobola argentea*, na sangara, ambaye wengi huku humwita mbuta, ni *Lates niloticus*. Yataje mara ya kwanza, kisha endelea na jina ambalo watu wa ufuoni wenyewe wanalitumia.

Umbo la kurasa

Kabla ya jambo lolote, tafuta mwongozo wa idara au kitivo chako, kwa sababu huo ndio utakaotumiwa kukukosoa. Mahali ambapo mwongozo uko kimya, mtindo wa APA (wa Shirika la Wanasaikolojia la Marekani), toleo la saba lililotoka mwaka 2019, ndio unaotumiwa na idara nyingi za elimu na sayansi ya jamii. Mtindo huo unataka pambizo za sentimita 2.54 pande zote, nafasi mbili baina ya mistari, fonti inayosomeka kama Times New Roman ya ukubwa wa 12 au Arial ya 11, na nambari ya ukurasa katika pembe ya juu kulia. Nambari ya jedwali huandikwa kwa herufi nzito, na kichwa chake huwa chini ya nambari hiyo kwa herufi za mlazo. Vyuo vingine huongeza pambizo la kushoto ili kazi ijalidiwe bila kumeza maneno. Idara za fasihi mara nyingi hutumia MLA, mtindo wa chama cha lugha na fasihi cha Marekani, ambao ndani ya maandishi hutaja mwandishi na ukurasa badala ya mwandishi na mwaka.

Mapigano na kompyuta huisha ukijifunza mambo mawili. La kwanza ni kutumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya programu. Usikipe kichwa herufi nzito kwa mkono tu. Kiweke katika mtindo wa Kichwa cha 1, cha 2 au cha 3, na ukurasa wa yaliyomo utajitengeneza wenyewe pamoja na nambari za kurasa. La pili ni kukata ukurasa kwa kubonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja unapoanza sura mpya. Nimeona kazi iliyosukumwa hadi ukurasa mpya kwa kubonyeza Enter mara kumi na saba. Ilipofunguliwa kwenye mashine ya kibandani, kila sura ilianzia katikati ya ukurasa, na mwenyewe alikuwa na nusu saa tu ya kuiwasilisha. Peleka kibandani faili ya PDF, nayo itachapishwa jinsi ulivyoiona kwako.

Weka pia lugha ya waraka iwe Kiswahili, au uzime masahihisho ya papo kwa papo. Mashine inayodhani unaandika Kiingereza itakubadilishia maneno bila kukuuliza.

Marejeleo

Kila chanzo kilichotajwa ndani ya kazi kiwe katika orodha ya mwisho, na kila kilicho katika orodha kiwe kimetajwa ndani. Kagua kwa kalamu: chapisha orodha, pitia kazi ukurasa kwa ukurasa, na uweke alama kwenye kila jina unalokutana nalo. Yanayobaki bila alama yaondolewe. Katika APA orodha hupangwa kwa alfabeti, huanza kwenye ukurasa mpya, na mstari wa pili na inayofuata ya kila rejeleo huingia ndani sentimita 1.27. Kazi yenye waandishi watatu au zaidi hutajwa kwa jina la mwandishi wa kwanza likifuatwa na "na wenzake" tangu mara ya kwanza.

Majina yetu yanahitaji uangalifu. Mwandishi mwenye majina matatu huorodheshwa kwa kawaida kwa jina lake la mwisho, na mengine hufupishwa kuwa herufi za kwanza, lakini wapo wanaoandika kwa jina moja au kwa mfumo wa "wa" na "bin". Tazama jinsi jina lilivyochapwa kwenye kazi yenyewe na jinsi maktaba ilivyoliorodhesha, kisha usibadilishe tena. Zotero ni programu isiyolipiwa, na itakutunzia vyanzo vyako na kukupangia orodha. Hata hivyo isahihishe, kwa maana inanakili makosa yaliyo kwenye tovuti pamoja na yaliyo sahihi.

Siku za mwisho

Ikisiri, yaani muhtasari wa kazi nzima, huandikwa mwisho ingawa husomwa kwanza. Kwa kawaida haizidi maneno 250: swali, mbinu, idadi ya washiriki, matokeo makuu na maana yake. Isiwe na nukuu, wala ahadi kwamba "matokeo yatajadiliwa".

Kisha umpe rafiki wa kozi nyingine kazi yako akusomee kwa sauti. Kila anapokwama, weka alama bila kumweleza ulichokusudia, kwa sababu mtahini hatakuwa nawe ili umweleze. Mwishowe fuatilia tarakimu moja katika kazi nzima. Kama ikisiri inasema washiriki 240, angalia sura ya mbinu, angalia jumla ya kila jedwali, angalia hitimisho. Jedwali likionyesha 238, huenda hojaji mbili hazikurudishwa, na hilo si kosa. Kosa ni kutolisema. Andika sentensi moja katika sura ya mbinu inayoeleza kwamba hojaji 240 zilitolewa na 238 zikarudi zikiwa zimejazwa, kisha rekebisha ikisiri ilingane nayo, na ndipo utume faili kwa msimamizi.